Moja au saba

Ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri, stendi, taa moja inawaka na ya pili inapepesa. Basi langu lilikuwa la saa kumi na mbili, lakini mimi ni mtu wa kuogopa kuachwa, hivyo nilikuwa nimeshakaa benchi na begi miguuni. Likaingia basi lililotoka mbali. Abiria wakashuka wakijinyoosha, wakatoa mizigo buti, wakapotelea gizani mmoja mmoja kama watu wanaojua wanakokwenda.

Wanne hawakupotea.

Baba, mama, binti wa miaka kama minane, na mtoto mchanga mgongoni kwa mama. Godoro limekunjwa na kufungwa kamba ya katani. Mfuko wa salfeti umejaa mpaka unapumua kwa shida. Binti alikuwa amevaa ndala mguu mmoja, ya mguu wa pili ameishika mkononi, imekatika mkanda. Hakuwa analia. Alikuwa anaigeuzageuza tu, kama fundi anayetafuta pa kuanzia.

Mama alikaa juu ya godoro, mkono mmoja ameuingiza kifuani mwa gauni na hautoki. Baba, kila baada ya muda mfupi, alipapasa mfuko wa nyuma wa suruali. Nikajua pesa zimegawanywa mara mbili na nikajua ziko wapi. Kama mimi niliyekuwa nusu usingizini nilijua, basi kila kijana aliyekuwa akizunguka pale stendi alijua.

Baba alinifuata mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa mwanamke na nilikuwa nimetulia.

"Samahani dada yangu, naomba unisaidie kupiga hii namba. Simu yetu imezima njiani."

Akanipa karatasi ya daftari la shule, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Namba ya shemeji yake, kaka wa mkewe. Iliandikwa kwa kalamu ya bluu, na tarakimu ya mwisho ilikuwa imelowa jasho. Ilikuwa ama moja, ama saba.

Nikapiga kwa moja. Haipatikani.

Nikapiga kwa saba. Akapokea mwanamke. Nilipoanza kujieleza akanishushia tusi refu, lililonyooka, la mtu aliyeamshwa usingizini, akakata.

Nikarudia moja. Haipatikani.

"Anakaa mtaa gani?" Akanitajia. Ni jina la eneo ambalo ukilitaja peke yake hujataja kitu. Ni sawa na kusema fulani anakaa baharini.

Hapo ndipo nilipotoa maneno ambayo yamenikaa kooni wiki tatu sasa. Nilisema, "Kaka yangu, ningekuwa mimi ningepanda basi la kurudi."

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonimaliza. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mtoto wa jirani akijisifu.

"Kurudi wapi, dada? Shamba tumeuza. Tulipomaliza kulipa deni, hii ndiyo nauli iliyobaki."

## "Nifuateni, napajua"

Kijana alitokea upande wa vyoo. Mwembamba, fulana imepauka mabegani, kandambili zimelika visigino.

"Mzee, mnakwenda wapi? Pale? Napajua. Nifuateni."

Hakuwa ametajiwa jina la mwenyeji. Alikuwa ameusikia mtaa tu, tena ameusikia kutoka kinywani mwangu nilipokuwa naurudia kwa sauti. Na kabla hajajibiwa, godoro lilikuwa begani mwake. Hapo nimeparudia kichwani mara nyingi kuliko pengine pote. Mtu akishabeba godoro lako, mazungumzo yamekwisha. Unalifuata godoro.

Mama alimtazama mumewe. Mumewe alinitazama mimi.

Ningeweza kusema kitu. Ningeweza kusema, subirini kupambazuke, tukae wote hapa, nitapiga tena. Basi langu lilikuwa bado saa nzima na nusu. Badala yake nilifanya jambo ambalo sisi wa mjini tumelifanyia mazoezi ya kutosha: niliinamia simu yangu kana kwamba kuna ujumbe umeingia.

Nilipoinua macho walikuwa wanavuka barabara. Godoro mbele, baba nyuma ya godoro, kisha mama, na binti mwisho kabisa, mguu mmoja peku.

Safari yangu nilikwenda, nikarudi. Kazi nikaendelea nayo. Lakini usiku, nikishazima taa, linakuja swali lilelile: yule kijana alikuwa nani?

Nimejaribu kulijibu kwa kukumbuka uso wake, na uso hausemi. Nimejaribu kwa maneno yake, na hapo ndipo nilipokwama. Tapeli hana maneno yake peke yake. Anayekupeleka kuibiwa atasema "nifuateni, napajua." Anayekuonea huruma na kukusindikiza mpaka mlangoni atasema "nifuateni, napajua." Silabi kwa silabi.

## Maneno yangu yana wazee wake

Kabla sijamhukumu kijana, ilibidi nijihukumu mimi. Rudini kijijini. Nilidhani natoa ushauri. Siku ya tatu au ya nne nikashtuka kwamba maneno haya yamewahi kuvaa sare.

Kenya ya mkoloni, baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, mwanaume Mwafrika alitakiwa kutembea na kipande, karatasi ya utambulisho ambayo wengi waliibeba ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Asiyekuwa nacho alikamatwa. Kikopo kile kilitumika mpaka miaka ya 1940. Uhuru ukaja, na maneno yakabaki. Tanzania mwaka 1983 ilikuwa Nguvukazi: walioonekana hawana kazi inayoeleweka Dar es Salaam walizolewa na kupelekwa mashambani. Wengi wao walirudi mjini, na wazee wanaoikumbuka wanaisimulia kwa kicheko ambacho si cha furaha.

China walilifanya kwa daftari. Chini ya mfumo wa hukou, uliowekwa kisheria mwaka 1958, mtu huandikishwa kwa makazi yake, na huduma nyingi zimefuata andiko hilo badala ya kumfuata mtu alipo. Mwaka 2003, Sun Zhigang, kijana msomi aliyekuwa amehamia Guangzhou kufanya kazi ya ubunifu wa michoro, alikamatwa kwa sababu hakuwa na kibali cha muda cha kukaa mjini. Alipigwa akiwa kizuizini, akafa. Watu walipiga kelele nchi nzima, na mwaka huohuo utaratibu wa kuwakamata wageni wa mjini na kuwarudisha makwao ukafutwa.

Mimi sikuwa na rungu wala daftari. Nilikuwa na benchi na tiketi ya basi. Ila nilichomwambia yule baba kilikuwa kilekile: hapa si kwako.

Rafiki yangu mmoja, niliyemweleza haya, alinitetea. "Ulimwambia ukweli. Mji unawameza watu kama wale." Nikakubali kwa dakika tano. Kisha nikajiuliza kijiji kiliwafanya nini mpaka wakauza mahali pa kusimama. Hakuna anayesema kijiji kinameza watu, na yule baba hakuwa amekimbia starehe.

## Godoro ndani ya hesabu

Mwaka 1970 wachumi wawili, John Harris na Michael Todaro, walichapisha makala iliyokuja kuwa maarufu mno kwenye madarasa ya uchumi. Walikuwa wanalijibu swali lililozikera serikali za Kiafrika wakati ule: kwa nini watu wanazidi kumiminika mjini na wanajua kabisa mjini hakuna kazi? Jibu lao ni kwamba mtu halinganishi mapato ya shamba na mshahara wa mjini. Analinganisha mapato ya shamba na mshahara wa mjini ukizidishwa kwa uwezekano wa kuupata. Hata uwezekano ukiwa mdogo, kama mshahara ni mkubwa vya kutosha, safari inalipa. Na kuna kituko ndani yake: kwa hesabu yao, ukiongeza ajira mjini unaweza ukaishia na wasio na ajira wengi zaidi, maana habari zitafika vijijini na watu watafunga mizigo.

Nililijibu swali hili kwenye mtihani chuoni. Nikapata alama nzuri sana. Sikuona godoro lolote mle ndani.

Hesabu ile inamhusu mtu mmoja, kijana, mguu sawa. Miaka 15 baadaye, Oded Stark na David Bloom walisogeza kiti na kusema tuiangalie familia. Mara nyingi anayehama hajaamua peke yake. Ametumwa. Shamba linabaki na wazee, yeye anatangulia mjini. Mvua ikigoma anatuma pesa, na yeye akikwama mjini ana pa kurudi. Mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Familia maskini ina akili ya bima kuliko wanaouza bima.

Sasa rudi pale stendi na uwahesabu tena walioshuka. Wanne. Hakuna aliyetangulia zaidi ya shemeji asiyepatikana, na hakuna aliyebaki nyuma. Hao hawakuja kujaribu. Anayejaribu anakuja na begi; hasafirishi godoro.

Na mimi nilimwambia apande basi la kurudi.

## Nchi ya Ahadi

Watu wa namna hii hufikia wapi? Hufikia mahali pasipoulizwa maswali.

Ufilipino, kwenye jiji la Quezon ndani ya Manila Kuu, kulikuwa na dampo la Payatas. Kando yake waliishi maelfu ya watu, wakiwemo waliotoka mikoani na waliobomolewa vibanda kwingine mjini, wakiokota na kuuza plastiki, chuma, karatasi, chupa. Sehemu moja ya makazi yale iliitwa Lupang Pangako. Kwa Kitagalogi maana yake ni Nchi ya Ahadi. Tarehe 10 Julai 2000, baada ya mvua za kimbunga kunyesha siku kadhaa, mlima wa taka uliporomoka juu ya nyumba, kisha ukashika moto. Waliokufa ni zaidi ya 200. Machi 2017 ikatokea tena, safari hii kwenye dampo la Koshe, Addis Ababa: zaidi ya 110.

Ukisoma habari kama hizi ukiwa umekaa vizuri, wazo la kwanza ni la kijinga na hulisemi kwa sauti: kwani hawakuuona ule mlima?

Waliuona kila siku. Ulikuwa ndiyo mwajiri wao. Lile dampo lilitoa kitu ambacho ofisi haikitoi: kazi unayoianza leo na kulipwa leo, bila cheti, bila mdhamini, bila mtu kukuuliza umetokea wapi. Kwenye nyumba za kupanga wanataka kodi ya miezi kadhaa mbele. Shuleni wanataka barua ya uhamisho. Dampo halitaki kitu. Bondeni kwenye mafuriko hawataki kitu, kandokando ya reli hawataki kitu. Ukichora ramani ya sehemu za mji zisizokuuliza maswali, umechora pia ramani ya sehemu zinazoporomoka, zinazoungua na zinazosombwa na maji.

## Nyufa

Bado hili halikunitosha. Nilikuwa nalizunguka jambo bila kulishika mpaka nilipokumbuka Rana Plaza.

Jengo la ghorofa nane, Savar, pembezoni mwa Dhaka, Bangladesh. Chini kulikuwa na maduka na tawi la benki. Juu kulikuwa na viwanda vitano vya kushona nguo, na humo walifanya kazi maelfu, wengi wao wanawake vijana waliotoka vijijini. Tarehe 23 Aprili 2013 kuta na nguzo zilionekana zimepasuka. Watu wakatolewa nje. Kesho yake benki haikuwaita wafanyakazi wake. Maduka yalifungwa.

Washonaji waliambiwa waingie.

Walisimama nje asubuhi ile, wengine wakikataa. Wakabembelezwa, wakafokewa, kuna waliotishiwa mshahara wa mwezi. Wakapanda ngazi. Muda mfupi baadaye umeme ukakatika, majenereta yaliyokuwa juu ya jengo yakawashwa, na jengo likashuka lote. Watu 1,134 walikufa.

Nilisimama hapo muda mrefu.

Maana nyufa zilikuwa zilezile. Mtu wa benki aliziona, mshonaji aliziona. Hakuna aliyejua zaidi ya mwenzake. Tofauti yao ilikuwa siku moja. Benki ilikuwa na siku moja ya kupoteza. Mshonaji hakuwa nayo.

Sisi tuna neno la haraka kwa watu kama ile familia: washamba. Hawaujui mji. Ndiyo maana wanatapeliwa, ndiyo maana binti yao anachukuliwa "kwa wiki moja tu ya majaribio" kufanya kazi za ndani na wiki haiishi, ndiyo maana baba anabeba zege wiki mbili halafu msimamizi hapokei simu. Kama wangejua! Tunapenda sana hiyo "kama wangejua," kwa sababu inatuacha sisi tunaojua tukiwa salama na wenye akili.

Lakini yule mama alijua. Nilimwona alivyomtazama mumewe. Mashaka niliyokuwa nayo mimi alikuwa nayo yeye, pengine mara tatu, kwa kuwa godoro lilikuwa lake. Alichokosa ni muda wa kuyaweka yale mashaka mpaka yapate jibu. Kulikuwa na baridi, mtoto mgongoni, taa mbovu, na watu wanaopita wakiutazama mkono wake kifuani. Mimi nikikutana na mtu nisiyemwamini, nasema nitakupigia. Yeye alitakiwa aamini saa hiyohiyo, kabla hajapambazukiwa.

Nimewaza kwamba labda hatari ya mji kwa maskini mgeni inaanzia hapo, na visu na vibaka vinakuja baadaye. Kila jambo linamtaka aamue sasa. Chumba, sasa, kuna mwingine anakitaka. Kazi, sasa, gari linaondoka. Acha kitambulisho chako hapa, sasa.

## Shangazi kwenye benchi

Nami niliwahi kushuka basi alfajiri. Nilikuwa na miaka 19, begi moja, na viatu vilivyonibana kwa sababu nilitaka kufika nikiwa nimependeza. Shangazi alikuwa benchi tangu usiku, amejitanda khanga mbili. Kabla hata ya kunipa mkono alinigombeza: "Begi mgongoni? Lihamishie mbele!"

Nilitafuta kazi miezi minane. Katika miezi hiyo nilizikataa mbili. Ya kwanza, bosi alitaka usaili ufanyike jioni, nyumba ya wageni. Ya pili, walitaka nitangulize pesa ya sare kabla ya kuanza. Nimewasimulia watu visa hivi kwa miaka, kila mara kwa tambo: mimi nilishtuka mapema, mimi sidanganyiki kirahisi.

Wiki hizi nimelazimika kukifumua kisa changu mshono kwa mshono.

Kwenye ile kazi ya sare tulikuwa foleni moja na msichana wa rika langu, tumezoeana kidogo, tunaazimana kalamu. Yeye alitoa pesa. Nilimvuta pembeni nikamwambia, hawa ni matapeli, huoni hawana hata kibao mlangoni? Akanijibu kitu ambacho nilikisahau makusudi kwa miaka kumi na zaidi.

"Najua ni uongo. Lakini je, kama si uongo?"

Hakuwa mjinga kuliko mimi. Kibao alikuwa amekiona hakipo kabla yangu, maana alifika mapema. Ila yeye alikuwa analala kwa mtu aliyeshaanza kugonga vyombo kwa hasira kila jioni akirudi mikono mitupu. Mimi nilikuwa na godoro kwa shangazi. Niliweza kusema "nitafikiria," neno moja tu, na kila nilipolitamka shangazi ndiye aliyelilipia, kwa kodi yake na kwa subira yake, na wala hakuwahi kunidai.

Werevu wangu wa mjini ulikuwa ni shangazi.

Sijui yule msichana aliishia wapi. Pesa za sare hazikurudi, hilo nalijua, kwani wiki mbili baadaye mlango ule ulikuwa na kufuli.

## Ridhaa

Nilitafuta kama sheria inalitambua jambo hili, na inalitambua. Itifaki ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, ile ya Palermo, iliyopitishwa Novemba 2000, haiishii kwenye nguvu, vitisho na udanganyifu. Inataja pia kutumia vibaya hali ya unyonge wa mtu. Na inasema kwamba zikitumika mbinu hizo ili mtu akanyonywe, hata kama alisema ndiyo, ndiyo yake haihesabiwi.

Nilifurahi kuikuta. Nikaisoma mara ya pili na furaha ikapungua. Kama "ndiyo" ya asiye na pa kulala ina kasoro, basi kila atakachokubali yule baba mwaka huu kina kasoro, pamoja na mema: chumba cha mama mwenye nyumba mwenye roho safi, kibarua cha halali, mkopo wa jirani. Sheria inajiokoa kwa kuuliza lengo lilikuwa nini. Sawa. Lakini lengo halionekani saa kumi na nusu alfajiri.

Halafu kuna aibu nyingine, na niiandike kabla sijaghairi. Ushahidi wangu dhidi ya yule kijana ni nini? Kandambili zilizolika. Wembamba. Kutokea upande wa vyoo. Kama angekuja mwanaume wa makamo, shati limepigwa pasi, ningewaambia wamfuate, na ningelala vizuri wiki zote tatu. Inawezekana kabisa hata yeye alishuka basi lilelile mwaka mwingine, na hakukuta mtu benchi.

## Nilipiga

Namba ilikuwa bado kwenye simu yangu. Zote mbili, kwa moja na kwa saba, zimefuatana.

Kwa nini sikupiga wiki ya kwanza? Nilijiambia niko bize. Ukweli ni kwamba nilikuwa na uwezo wa kutojua. Nikijua, huenda ingebidi nifanye kitu. Nisipojua, ninaandika makala. Jumapili iliyopita nilichoka na hilo. Nikapiga kwa moja.

Ikaita.

"Haloo, nani mwenzangu?" Nikajieleza: stendi, alfajiri, karatasi, godoro. Kimya kidogo. "Ahaa. Ngoja nikupe mwenyewe."

"Dada wa stendi!" Sauti ya baba ilikuwa juu, kama tunajuana miaka. Wamefika, alisema, wazima. Shemeji ni mlinzi wa usiku, na simu yake ilikuwa imezima kwenye chaji dukani kwa jirani. Kibarua kimepatikana, cha zege. Wiki ya kwanza wamelipwa, ya pili msimamizi anasema Jumatatu. Binti hajaanza shule, wanataka barua ya uhamisho.

"Na yule kijana?"

Yule kijana, akasema, mtaa aliujua kweli, ila nyumba hakuijua. Alitembea nao kutwa, mlango kwa mlango, anauliza mlinzi anayetoka pande zile. Usiku ukawakuta barazani kwa watu. Kijana akaondoka na godoro, akasema analiweka mahali salama lisilowe. Wakajua basi, ndiyo mwisho. Asubuhi akarudi. Bila godoro. Akaendelea kuuliza milango mpaka magharibi, akawafikisha, akaaga, akaenda zake.

"Godoro mlilipata?"

"Hapana. Lile tulimpa."

"Nani alimpa?" Sauti ya mama, kutoka mbali kidogo. "Mwambie dada wa watu ukweli. Tuliibiwa."

"Siku mbili katembea na sisi, mama mtoto. Ungemlipa nini?"

"Si angeomba!"

"Aliomba."

"Aliomba lini? Wewe ulisikia wapi?"

Shemeji naye akaingilia, akaanza kusema vijana wa stendi anawajua yeye. Nyuma yao wote kulikuwa na sauti ndogo, ya binti, inayorudia kitu kimoja mpaka nikakipata: kwamba alimfungia ndala kwa waya, na mpaka leo haijakatika. Mama akamwambia anyamaze watu wazima wanaongea. Baba akasema mwache aseme. Walikuwa bado wanabishana salio langu lilipokwisha.